Mlango wa Pili Uko Wapi?

  

Ndugu msikilizaji, leo hapa redioni tuzungumze juu ya ubao wa matangazo. Nakusudia ubao ule wa afya na usalama unaotundikwa katika majengo ya vyuo vikuu, unaomwambia mtu afanye nini moto ukiwaka, ampigie nani mwenzake akizimia, na atokee wapi. Najua utasema Kyela kwetu ni mashamba ya mpunga na kakao, mambo ya vyuo vikuu yanatuhusu nini? Yanatuhusu, ndugu yangu. Kila mwaka tunafunga mabegi ya watoto wetu, tunawatilia mchele na ndizi, tunawapandisha kosta, nao wanapanda mlima kupitia Tukuyu kwenda kusoma Mbeya na mbali zaidi. Tunajua ada ni kiasi gani. Tunajua kitanda cha hosteli ni shilingi ngapi. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuuliza kama lile jengo analolala mwanawe lina mlango wa pili?

Naanzia hapa hapa nyumbani. Kuna mwalo mmoja mdogo katika ufuko wetu huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Jioni mitumbwi ya wavuvi hutokea hapo, na siku za soko hupita akina mama wa Kikisi na vyungu vyao kutoka Ikombe. Chini ya mwembe, karibu na pale samaki wanapouzwa, pamepigiliwa kipande cha ubao mweusi, ukubwa wake kama ungo wa kupepetea. Kila alfajiri mzee mmoja, mvuvi wa zamani ambaye magoti yamemgomea, husimama ukingoni mwa maji. Hutazama kusini, hutazama milima ya Livingstone imevaaje mawingu, kisha huandika kwa chaki maneno mawili matatu. “Mwera. Msivuke.” Mwera ndio ule upepo mkali wa kusini. Siku nyingine: “Shwari hadi adhuhuri.” Jioni anachukua kitambaa, anafuta. Hata kama hali haikubadilika anafuta, na kesho yake anaandika upya.

Nikamwuliza, “Tata, kwa nini ufute, na kesho utaandika yale yale?”

Akanijibu, “Mwanangu, upepo wa jana haumzamishi mtu leo. Watu wakikuta maneno ya jana siku tatu mfululizo, siku ya nne hawatasoma. Na siku hiyo ya nne ndiyo mwera utakapokuja.”

Mzee yule halisemi hilo kwa kubahatisha, maana ziwa hili lina historia yake. Tarehe 30 Julai 1946, majira ya mwera, meli iliyoitwa Vipya ilipinduka katika dhoruba upande wa magharibi wa ziwa, nchi tunayoiita Malawi leo. Ilikuwa meli mpya, ndiyo kwanza inafanya safari zake za mwanzo. Walikufa watu 145. Watu wa ufukweni wamejifunza kwa gharama kwamba onyo lina faida likiwa la leo, likiwa na mtu anayeliandika, na likisomwa na anayetaka kuvuka.

Sasa nikupeleke chuoni. Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu anayesoma chuo kikuu kimoja. Sitakitaja chuo wala mji, kwa sababu niliyoyaona pale nimewahi kuyaona na kwingine. Mpwa wangu alikuwa kwenye mtihani, basi nikamsubiri katika ukumbi wa chini wa jengo lao. Mbele yangu palikuwa na ubao mkubwa wa matangazo, wa mbao nzuri, wenye mlango wa kioo na kufuli. Juu yake pamechorwa kwa rangi: Afya na Usalama. Nikasogea kusoma.

Ndani ya kioo palikuwa na tangazo la ugonjwa wa korona la mwaka 2020. Jua lilikuwa limelila hadi rangi nyekundu imekuwa ya waridi. Kufuli lilikuwa na kutu, na kwa kuwa hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani, watu walikuwa wamebandika karatasi zao juu ya kioo, nje. Chumba cha kupanga, maji na umeme ndani. Kompyuta inauzwa. Kongamano la maombi. Semina ya ujasiriamali. Ratiba ya mitihani, na juu yake ratiba nyingine iliyofuta ile ya kwanza. Chini kabisa, pembeni, ikachungulia ncha ya karatasi ya zamani. Yalisomeka maneno matatu tu: “tokeni kwa utulivu”. Watu watokee wapi, kwa ishara gani, wakakusanyike wapi, yote hayo yalikuwa yamefunikwa na semina ya ujasiriamali.

Nikafuata korido hadi mwisho. Palikuwa na mlango wa dharura, na juu yake kibao chenye maandishi ya Kiingereza. Mlango ulikuwa umezungushiwa mnyororo. Nikamkuta mama mmoja anapiga deki. Nikamwuliza, “Samahani mama, pale juu pameandikwa nini?” Akanyanyua macho, akasema, “Hicho ni cha wanafunzi, mwanangu. Sisi hatukisomi.” Na mama huyu, ndugu msikilizaji, huingia katika jengo lile saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mwanafunzi yeyote, kabla ya mhadhiri yeyote. Kukitokea hitilafu ya umeme usiku, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona moshi.

Mlinzi naye nikamwuliza habari za mnyororo. Alinijibu kwa heshima kwamba mlango umefungwa kwa sababu ya wizi wa kompyuta, na kwamba ufunguo anakaa nao msimamizi wa jengo, ambaye huondoka saa kumi jioni.

Mpwa wangu alipotoka nikamwuliza swali moja. “Moto ukiwaka humu, mlango wa pili uko wapi?” Alikuwa mwaka wa pili katika jengo lile. Akatazama huku, akatazama kule, akaniambia, “Mjomba, sijawahi kufikiria.”

Simlaumu. Nani alimfundisha?

Kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi? Kwa sababu majirani zetu wa Kenya walionyeshwa ukubwa wake ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148. Siku kumi baadaye, alfajiri ya tarehe 12 Aprili, katika hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kikuyu, nyaya za umeme zililipuka. Wanafunzi wakaamka gizani, wakasikia mshindo, wakadhani ni Garissa nyingine. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa kupitia wapi, wala wa kumsikiliza nani. Wakaruka madirishani. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Fikiri vizuri hapo: kulikuwa na hitilafu ya umeme tu. Kilichowavunja watu mifupa ni hofu isiyo na maelekezo.

Halafu mwaka huo huo, tarehe 30 Novemba, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kujihami. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi waliokuwa majengoni hawakujua kuwa ni zoezi. Milio iliposikika, watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha na makumi wakaumia. Tukio la Kikuyu linatuonyesha hatari ya watu kukosa maelekezo, na la Strathmore hatari ya maelekezo kutowafikia wote. Matukio yote mawili yanatufundisha kwamba usalama wa jengo ni yale wanayoyajua watu waliomo ndani yake, kila mmoja, kabla ya siku yenyewe.

Sasa, tufanyeje? Dunia haikuanza leo kuhangaika na jambo hili. Wajapani walipata misiba miwili mikubwa ya moto katika maduka ya ghorofa, mmoja Osaka mwaka 1972 na mwingine Kumamoto mwaka 1973, na kila mmoja uliua watu zaidi ya 100. Baada ya hapo wakatafuta alama ya mlango wa kutokea ambayo mtu angeweza kuielewa kwa kuiona tu, hata ndani ya moshi, hata kama hajui kusoma. Walishindanisha wachoraji, na kazi ya kuikamilisha picha hiyo ikamwangukia mchoraji Yukio Ota. Ndiyo ile picha ya mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni. Leo iko katika nchi nyingi duniani. Rangi nazo zina lugha yake: kijani ni njia salama, nyekundu ni katazo au kifaa cha moto, njano ni hadhari, bluu ni jambo la lazima kulifanya. Mtoto wa darasa la 4 anaweza kufundishwa rangi hizi kwa dakika tano.

Lakini picha peke yake haitoshi, na hili naomba tulisikilize sisi wenyewe wa redio. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 redio ilifundisha habari za malaria, kichocho, kuhara na maji safi, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima walifuatilia. Vyoo vingi mno vilichimbwa. Je, redio ndiyo iliyochimba? Haikuchimba hata kimoja. Watu walikaa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu mkononi. Wakasikiliza pamoja, wakajadili pamoja, kisha wakauliza: sisi hapa kwetu tutafanya nini, na lini? Tangazo lilikuwa na mtu, na mtu alikuwa na jembe.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Ubao wa usalama hufa kwa kukosa mwenyewe. Karatasi na kioo si tatizo, na fedha ya kuchapisha si tatizo. Mzee wetu pale mwaloni ana chaki na kitambaa tu, lakini ubao wake uko hai, kwa sababu kila mtu ufukweni anajua ni wa nani na kwamba leo asubuhi amesimama pale. Ule wa chuoni una kioo na kufuli, na umekufa.

Basi ningekuwa na nafasi ya kuzungumza na wakuu wa vyuo, ningewaomba mambo machache.

Kwanza, kila ubao wa usalama uwe na mwenyewe. Chini yake liandikwe jina la mtu, namba yake ya simu, na tarehe aliyoukagua mara ya mwisho. Si jina la idara, maana idara haina mikono. Karatasi isiyo na tarehe iondolewe. Karatasi ambayo wakati wake umepita iondolewe, hata kama ubao utabaki mtupu. Na matangazo ya vyumba, makongamano na kompyuta yapewe ubao wake kando. Wanafunzi wanayahitaji, tusiwanyime. Ila yasilale juu ya uhai wa watu.

Pili, ubao uzungumzie jengo lile lile ulipo. Karatasi ileile ya “zingatia usalama” iliyotundikwa maktaba, maabara na hosteli haimsaidii mtu. Hosteli ina hatari zake: hita ya kuchemshia maji ndani ya ndoo, jiko la umeme lililofichwa chini ya kitanda, soketi moja iliyobebeshwa simu kumi. Iandikwe wazi pale: moto wa umeme usiumwagie maji, kata umeme kwanza, na swichi kuu iko mahali fulani. Maabara ina zake: tindikali hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, maji hayatiwi kamwe ndani ya tindikali, na bomba la kuoshea macho liko pale. Halafu paweko ramani ndogo ya jengo yenye nukta nyekundu inayosema “Upo hapa”, na mishale miwili ya kijani kuelekea milango miwili. Na chini ya namba 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi liandikwe jina la jengo na geti ambalo gari litaingilia. Ukipiga simu ya dharura, swali la kwanza utakaloulizwa ni uko wapi, na mgeni wa mwaka wa kwanza mara nyingi hajui jengo analosomea linaitwaje.

Tatu, Kiswahili. Najua vyuo vikuu vinafundisha kwa Kiingereza. Lakini mwenye ufunguo ni mlinzi, mwenye kuona moshi ni mama wa usafi, na mwenye jiko la gesi ni mama lishe wa kantini. Mwaka 2021 nchi yetu ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, kwa sababu haki isiyoeleweka si haki. Kama jaji anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, mlango wa dharura unashindwaje kuandikwa kwa Kiswahili?

Na Kiswahili chenyewe kiwe cha watu. Sisi wa Kyela tunakijua kipindupindu. Masika yakizidi, mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe ikavimba na kufurika, vyoo huchanganyika na visima, na ugonjwa hubisha hodi. Wenzetu wa ng'ambo ya Songwe walipigwa na mlipuko mkubwa wa mwaka 2022 na 2023, Wamalawi zaidi ya 1,700 wakafa. Sasa chukua tangazo linalosema “dalili ni kuharisha kwa papo kwa papo kunakosababisha upungufu wa maji mwilini”. Ni kweli, lakini nani ataona picha? Andika hivi: “Choo chake ni maji meupe, kama maji uliyooshea mchele.” Hakuna mtoto wa Kyela ambaye hataelewa. Kisha ongeza la kufanya: wakati anapelekwa kituo cha afya, anyweshwe lita 1 ya maji safi iliyokorogwa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na simu ya Wizara ya Afya ni 199. Tangazo kama hilo likibandikwa kwenye mlango wa choo cha hosteli, kwa ndani, usawa wa macho, litasomwa na kila mtu.

Nne, miguu itembee njia hiyo. Katika wiki ya kwanza ya kila mwaka wa masomo, wanafunzi wapya wanapoonyeshwa maktaba na bwalo, waonyeshwe na mlango wa pili, na wapite humo. Wafanyakazi wa usafi na walinzi wawe nao. Zoezi likifanyika, watu wote waambiwe mapema. Na ule mnyororo ufunguliwe. Kama ni wizi, upo ufumbuzi wake: kuna makomeo yanayofunguka kwa ndani tu kwa kusukuma, yanamzuia mwizi aliye nje bila kumzuia anayekimbia moto.

Wala haya si fadhila tu. Chuo kikuu ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala tunaouita OSHA, inamtaka mwajiri awajulishe na kuwakinga watu wake dhidi ya hatari za kazini. Serikali za wanafunzi zina haki ya kuuliza, nazo ziulize. Nyinyi viongozi wa wanafunzi mnapigania mkopo uingie mapema, na mnafanya vizuri. Piganieni pia ufunguo wa mlango wa dharura.

Kwa upande wetu sisi wazazi, nafasi yetu ni ndogo lakini ipo. Nikiwa bado kule chuoni, nilirudi na mpwa wangu hadi mwisho wa korido. Tukasimama mbele ya mnyororo. Akanitazama, akasema, “Mjomba, hapa ninapita kila siku.” Wiki iliyofuata akanipigia simu. Yeye na wenzake wanne walikwenda kwa mshauri wa wanafunzi na picha za ubao na za mlango. Mnyororo, alisema, bado upo. Lakini ufunguo sasa unakaa kwa mlinzi wa zamu, usiku na mchana, na mama wa usafi ameonyeshwa. Ile karatasi ya mwaka 2020 imeondolewa. Ndani ya kioo hakuna kitu bado. Nikamwambia, afadhali ubao mtupu unaosubiri ukweli. Sasa msiache hadi mnyororo utoke.

Ndugu msikilizaji, jioni ya leo, ukimaliza kuingiza kakao ndani kabla ya umande, mpigie simu mwanao aliyeko chuoni. Mwulize amekula nini, mwulize mitihani inaendaje. Na kabla hujakata, mwulize: mlango wa pili uko wapi? Akijibu mara moja, mshukuru Mungu ulale. Akinyamaza, usikate simu. Mwambie ainuke sasa hivi akautafute, nawe umsubiri hadi afike mlangoni na kuusukuma kwa mkono wake.